Risasi isiyo na kitabu: unajuaje baruti imetosha?

Ukinunua raifo ya .30-06 (namba za namna hii ni majina ya aina za risasi) kule Marekani ukaamua kujaza risasi zako mwenyewe gereji kwako, yaani kuweka baruti na kichwa kipya kwenye ganda, kazi ngumu kabisa ishafanywa zamani na watu wengine. Kuna chombo cha watengenezaji wa silaha na risasi kinaitwa SAAMI, kipo tangu 1926, kimeshapanga kwamba risasi hiyo presha yake ya juu ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 60,000, na kampuni za baruti zimeshafyatua kwenye mitutu ya maabara yenye vihisio zikaandika kitabuni: kichwa (kile kinachoruka) cha uzito huu, baruti hii, anzia hapa, usivuke hapa. Wewe ni kufuata tu. Sasa chukua ganda la .30-30, libane shingo mpaka likae kichwa cha milimita 6.5, bega lisukume mbele lisimame wima zaidi, halafu mpe fundi bunduki akutengenezee mtutu wenye chemba, yaani tundu la nyuma linalokaa risasi, ya ganda hilo hilo. Hapo una waildikati, manake risasi ambayo hakuna kiwanda kinaiuza na hakuna chombo kimeipangia presha, na ukifungua kitabu unakuta hakuna ukurasa, au kuna namba za mzee mmoja wa miaka ya 60 aliyetumia baruti ambazo siku hizi hazipo hata sokoni.

Usidhani ni mambo ya wendawazimu wachache. .22-250 iliishi kama waildikati tangu miaka ya 30 mpaka kampuni ya Remington walipoichukua 1965, .25-06 ni kazi ya fundi bunduki Niedner ya 1920 ikaja kuwa ya kiwanda 1969, .35 Whelen ilizaliwa 1922 ikasubiri mpaka mwishoni mwa miaka ya 80. Ile .458 Lott inayobebwa na wawindaji wa nyati huku Afrika nayo ni hivyo hivyo, Jack Lott alijeruhiwa na nyati Msumbiji 1959 akaona .458 ya kiwandani haimtoshi, akachukua ganda refu la .375 H&H akalipanua. Na kwa wenye bunduki za risasi moja (hazina magazini, unaweka moja moja kwa mkono) mfano mzuri zaidi ni 7-30 Waters, Ken Waters alianza nayo 1976 kwa kubana shingo ya .30-30, na 1984 kampuni ya Winchester wakaanza kuiuza.

Kabla sijaendelea, wa Tanzania na Kenya hii someni kama maarifa tu. Kujaza risasi nyumbani ni utamaduni wa Marekani na nchi chache nyingine, huku kwetu kutengeneza risasi bila leseni ni kesi, Tanzania kuna sheria ya silaha ya 2015, Kenya wana ya kwao, na hakimu hatakuuliza kama zilikuwa za kulenga shabaha. Na kwenye makala hii hakuna kipimo cha baruti hata kimoja, kwa sababu kipimo cha waildikati ya mtu mwingine hakina maana kwenye mtutu wako, na hiyo ndo ishu yenyewe ninayotaka kuieleza.

Tatizo zima la kujazia waildikati ni moja: unatafuta dari ya presha na presha huioni. Tairi la gari dogo lina psi 30 na kitu. Ndani ya chemba unazungumzia psi 40,000, 50,000, 60,000, inapanda na kushuka ndani ya sehemu moja au mbili za elfu ya sekunde, halafu inaisha, na kilichobaki mkononi kwako ni ganda tupu na fataki iliyogongwa, kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti. Kutoka kwenye hayo mabaki ndo watu wanajaribu kusoma kilichotokea.

Na kinachozuia hiyo presha isije usoni kwako wengi wanadhani ni chuma cha bunduki. Chuma kinabeba mzigo, ndiyo, lakini anayeziba ni ganda la brasi, linapanuka na kubana kuta za chemba gesi isirudi nyuma. Brasi ikilegea, hata bunduki iwe ngumu kama reli, gesi inatoka. Kwa hiyo kwenye raifo nzuri ya kisasa, brasi ndo inayoshindwa kwanza, na mtu anayesema "bunduki yangu ni ngumu inabeba chochote" hajajibu swali.

Ila chuma nacho kina hesabu yake. Nguvu inayosukuma kitako cha ganda nyuma ni presha mara eneo la kitako. Chukua .30-30, kipenyo chake kule nyuma ni inchi 0.422, presha yake ya kiwanda ni psi 42,000, ukipiga hesabu kwa kipenyo cha nje unapata kama kilo 2,660. Fanya hivyo hivyo kwa .30-06, inchi 0.470 na psi 60,000, unapata zaidi ya kilo 4,700. Ndo maana bunduki ya kuvunja katikati kama Contender ya Thompson/Center, iliyotoka 1967, inabeba vizuri familia ya .30-30 lakini hawakuwahi kuiwekea .30-06. Na ndo maana magwiji wa waildikati za risasi moja wanapenda magamba membamba: ganda jembamba linakupa nafasi ya kupandisha presha kidogo bila kuitesa fremu. Kidogo, nimesema.

Sasa hizi bunduki za risasi moja. Mojawapo maarufu ni ile Winchester ya 1885 aliyoibuni John Browning akiwa Ogden, Utah, bloku la chuma linashuka ukivuta wenzo chini, unaweka risasi, unarudisha wenzo, bloku linapanda kufunga. Ruger No. 1 ya 1967 ni mtoto wa wazo hilo hilo, bloku limekaa kati ya kuta mbili za chuma na ni miongoni mwa mitambo migumu kuliko yote. Huku kwetu bunduki ya risasi moja historia yake ni nyingine, askari wa Mjerumani 1914 wengi walikuwa bado na Mauser ya 1871, risasi moja moja na moshi mweusi unaomwambia adui ulipo, kwa hiyo mtu akisikia leo kuna watu wanazitamani anashangaa. Wanazitamani kwa sababu tatu za maana. Hakuna magazini, kwa hiyo hakuna anayekupangia risasi iwe na urefu gani, unaweza kukalisha kichwa kirefu mbele mpaka koo la mtutu, pale mifereji inapoanzia, linapotaka. Magamba yenye ukingo, ambayo bunduki za magazini zinayakataa kwa sababu kingo zinanasana, hapa yanakaa raha mustarehe. Na kwa kuwa hakuna bolti (komeo la chuma la kufungia chemba) inayokwenda nyuma, mtutu wa inchi 26 unakaa kwenye bunduki fupi.

Lakini hizo bunduki zinakunyima kitu kimoja ambacho wenzako wa bolti wanakitegemea sana. Kwenye raifo ya bolti, presha ikizidi unasikia mkononi, mkono wa bolti unakuwa mzito kunyanyua, na ile bolti ikizunguka inabandua ganda kutoka chemba kwa nguvu kubwa kabla hujalivuta. Bloku la kushuka halizunguki. Linateleza chini tu, na kitoa ganda kinasukuma kwa nguvu ndogo. Kwa hiyo ganda linagoma kutoka mapema, wakati mwingine presha ikiwa ya kawaida kabisa na tatizo ni chemba chafu au yenye mikwaruzo, na wakati mwingine ni onyo la kweli, na huwezi kutofautisha kirahisi. Kwenye bunduki ya kuvunja ni tofauti tena, fremu yenyewe inanyumbuka kidogo risasi ikilia, ganda linarefuka, na baada ya kujazwa mara chache linaanza kupata mstari mwembamba unaong'aa karibu na kitako, hapo ndo litakapokatika siku moja. Mstari huo ukiuona tupa ganda, usijadili.

Na fataki je? Kila anayeanza anaambiwa aangalie fataki, ikiwa bapa presha imezidi, ikiwa na kikreta (kijishimo chenye ukingo) kuzunguka alama ya pini inayoigonga presha imezidi. Hii ndo habari iliyowapoteza wengi. Winchester za 1885 za zamani zilitoka kiwandani na pini nene na tundu kubwa, ukizifyatua kwa risasi ya kisasa fataki inatiririka kwenye tundu hata kama presha ni ya kistaarabu, ndo maana mafundi huwa wanaziba tundu na kuchonga pini nyembamba kabla hata hawajaweka mtutu mpya. Upande wa pili, fataki ngumu inaweza kubaki na kona zake nzuri wakati ganda lina hali mbaya. Kifupi fataki inasema, lakini inasema kwa kuchelewa na mara nyingine inadanganya.

Hapa lazima tumzungumzie P.O. Ackley, fundi bunduki wa Marekani, kwa sababu nusu ya waildikati duniani zina jina lake na nusu ya upotoshaji pia unamsingizia yeye. Ackley alichukua magamba ya kawaida akayanyoosha kuta na kusimamisha bega nyuzi 40, na utamu wake ni kwamba unafyatua risasi ya kiwandani ndani ya chemba hiyo, ganda linatoka limeshachukua umbo jipya. Aliwahi pia kufanya jaribio maarufu, akachukua Winchester 94 yenye chemba ya .30-30 yake iliyonyooshwa (Improved), akaondoa kile kipande kinachofunga nyuma, akafyatua. Bunduki haikuruka vipande. Ganda lenye kuta zilizonyooka kwenye chemba kavu liling'ang'ania kuta, nguvu ya kusukuma nyuma ikawa ndogo.

Watu wakasoma hapo wakatoka na jibu kwamba umbo la Ackley linapunguza presha. Halipunguzi! Presha ipo pale pale, ila ganda linaing'ang'ania chemba kiasi kwamba dalili hazikufikii. Yaani ukiwa na ganda lililonyooka, ndani ya bunduki ngumu kama Ruger No. 1, umejiondolea kengele karibu zote, halafu unaongeza baruti nusu greini nusu greini (greini moja ni kama gramu 0.065) ukisubiri dalili. Dalili ikija kwenye mazingira hayo, ulishapita dari zamani. Mimi nikisoma mtu anajisifu .30-30 Improved yake inakimbia kama risasi kubwa za kiwandani "bila dalili yoyote ya presha" huwa najua tu kilichotokea, hakuna muujiza, kuna psi ambazo hazikupimwa.

Basi tushike nini? Tushike vitu viwili ambavyo havina aibu kusema ukweli, ujazo wa ganda na spidi ya kichwa.

Ujazo unaupima kwa maji. Unachukua ganda lililofyatuliwa kwenye chemba yako, fataki ya zamani ikiwa bado imo kuziba tundu, unalipima kavu, unalijaza maji mpaka mdomoni, unapima tena, tofauti ndo ujazo kwa greini za maji. Fanya kwa magamba kadhaa upate wastani. Sasa unaijua chupa yako ina ukubwa gani, na unaweza kuilinganisha na risasi za kiwandani zenye kipenyo hicho hicho na kichwa cha uzito huo huo. Tafuta ya kiwandani yenye ujazo mdogo kidogo kuliko yako, na iliyopimwa kwa presha isiyozidi ile uliyojipangia, anzia kwenye namba yake ya chini. Kosa la kifo ni kuazima namba za ganda mama. Ukibana .30-30 ikawa 6.5, gesi ile ile inapita kwenye bomba jembamba na inasukuma tako dogo la kichwa, presha inapanda haraka zaidi, kwa hiyo baruti iliyokuwa inafaa kwa .30 inaweza kuwa ya haraka mno hapo na unahitaji ya taratibu zaidi. Programu kama QuickLOAD inasaidia sana kwenye hatua hii, ukiilisha ujazo wa kweli na urefu wa kweli, ila ni makisio ya hesabu, haijawahi kuiona bunduki yako.

Kisha kuna kanuni ya robo, na nadhani ingekuwa inabandikwa ukutani kwa kila mtu anayeota waildikati. Ukiongeza ujazo wa ganda kwa asilimia fulani huku presha ikibaki ile ile, spidi inaongezeka kama robo ya asilimia hiyo. Tuseme ganda lako limekua kwa asilimia 10 baada ya kunyooshwa. Spidi halali ya nyongeza ni asilimia 2.5. Kama mama yake alikuwa anatoa futi 2,600 kwa sekunde, wewe haki yako ni 2,665 hivi kwa mtutu wa urefu ule ule. Ukiona kronografu (kipima spidi ya kichwa) inakusomea 2,850, hizo futi nyingine 185 hazikutoka kwenye bega la nyuzi 40, zimetoka kwenye presha. Kumbuka pia mtutu, inchi moja ya ziada inakupa kama futi 20 mpaka 30, kwa hiyo usilinganishe inchi 26 yako na inchi 20 ya kitabu ukadhani umegundua kitu.

Ndo maana kronografu naiona muhimu kuliko fataki, kuliko maikromita, kuliko vyote. Spidi haiji bure. Kwa baruti ile ile na kichwa kile kile, ukifika kwenye spidi inayostahili ganda la ujazo wako, umefika, hata kama fataki inatabasamu. Na kule juu mambo yanakimbia, ukiongeza baruti asilimia 1 spidi inaongezeka kama asilimia 1 au pungufu, lakini presha inaweza kupanda asilimia 2 na zaidi, kwa hiyo zile futi 40 za mwisho ndo ghali kuliko zote.

Kabla ya kupanda ngazi hiyo kuna kazi ya magamba yenyewe na hapa watu huwa na haraka ya kijinga. Ukibana shingo, brasi inanenepa, na ikinenepa sana risasi iliyojazwa inabana shingoni mwa chemba na ganda halina pa kufungukia kuachia kichwa, presha inaruka hata kwa baruti ya kuanzia. Pima shingo ya risasi iliyokamilika kwa maikromita, linganisha na mchoro wa rima (kifaa cha kuchongea chemba) aliyotumia fundi, lazima pabaki nafasi. Fundi hana mchoro? Mwagia chemba ile aloi inayoyeyuka chini ya nyuzi 90, ikipoa unaitoa na kuipima, unajua ukweli wote mpaka koo. Magamba yanayohitaji kuvimbishwa sana wengine wanayavimbisha kwa baruti kidogo ya bastola na semolina juu yake, ndiyo, ile ya uji, na kipande cha nta kuziba, unafyatua bila kichwa. Kwa magamba yenye ukingo yaliyonyooshwa, mara ya kwanza ukingo ndo unashika ganda, lakini ukishafyatua, seti dai lako (kalibu la kurudishia ganda umbo) lisukume bega nyuma kidogo tu kiasi cha kufunga kirahisi, usilirudishe lote, ukilirudisha unajitengenezea ule mstari unaong'aa.

Upandishaji wenyewe ukishafanya hayo yote unakuwa hauna mbwembwe. Unaanza chini, lakini si chini ya chini, baruti za taratibu zikiwekwa kidogo mno ndani ya ganda kubwa zimewahi kupasua bunduki, kwa hiyo namba ya kuanzia ni mpaka pia. Unapanda kwa asilimia 1 hivi kila hatua, kila hatua unasoma spidi, unapima kitako cha ganda, unasikiliza wenzo. Spidi ikiruka kuliko hatua iliyopita, simama. Ikiganda, yaani umeongeza baruti na spidi haikuongezeka, simama pia, hiyo ni mbaya kuliko kuruka. Halafu chagua magamba machache, yajaze yale yale tena na tena kwa kipimo unachofikiria kukaa nacho. Fataki mpya zikianza kuingia kwa ulaini baada ya mara tatu au nne, kitako kimevimba, kipimo ni kikali, shuka, hata kama kila kitu kingine kilikuwa shwari. Hilo jaribio ni la kizamani na linakula muda, na sijaona linalolizidi kwa mtu asiye na vihisio vya kubandika kwenye mtutu. Usisahau kwamba kichwa kikigusa mifereji ya mtutu presha inapanda, kwa hiyo ule uhuru wa kukalisha kichwa mbele utakavyo uamue mwanzo kabisa, si baada ya kupata kipimo cha juu.

Shabaha ni hadithi nyingine na nitaipita haraka. Hizi bunduki kitako chake ni vipande viwili, na kile cha mbele kwenye Ruger No. 1 kinaning'inia kwenye mkono wa chuma uliotoka kwenye mtambo, kikigusa mtutu vibaya risasi zinapanda juu kadiri mtutu unavyopata moto. Mtu anabadilisha baruti mara tano kumbe ni skrubu ya mbele. Rekebisha mbao kwanza. Na usiamini kundi la risasi tatu, wala ile namba ya mtawanyiko wa spidi kutoka risasi tano: ukisomewa 10, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 6 na 29, hiyo ni hesabu ya takwimu tu, haijali bunduki yako ni ya bei gani.

Ukishapata kipimo chako andika kila kitu, namba ya loti ya baruti, fataki, kampuni ya ganda, kichwa, urefu, na joto la siku hiyo, maana baruti nyingi zinapandisha presha jua likiwa kali na kipimo kilichokuwa kizuri asubuhi ya baridi ya Montana kinaweza kugoma kutoka chemba mchana wa Arizona. Ukinunua kopo jipya la baruti ile ile lenye loti tofauti, au ukibadilisha kampuni ya magamba, ambayo kuta zake zinaweza kuwa nene zaidi na ujazo mdogo zaidi, rudi chini hatua kadhaa, toa kronografu, panda tena.